Binti yangu anataka kutembea kilomita 3,500 kwa miguu huko Marekani, wazazi wenzangu mnavumiliaje haya mambo?

Mgumu wa Marangu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi utakuwa mrefu mnivumilie, nimeuandika vipande vipande kwenye simu na bado sijui kama nimesema ninachotaka kusema.

Mimi ni mzee wa Marangu, nguvu zangu zote nimezimalizia mlimani, Kilimanjaro. Nilianza kama mpagazi, wenyewe tunaitana wagumu, baadae nikawa mpishi wa safari, magoti yalipokataa nikashuka, saa hizi nina kihamba changu, migomba na kahawa kidogo na ng'ombe. Kifungua mimba wangu ni binti, ana miaka 29, yuko Atlanta, alienda kusoma unesi akamaliza akapata kazi hospitali huko huko. Juzi kapiga simu ya video akaanza na "baba nina jambo ila usikasirike", mi nikajua mchumba huyo. Kumbe ameomba likizo bila mshahara, mwezi wa tatu anaanza kutembea kwa miguu toka jimbo la Georgia mpaka Maine kule juu karibu na Kanada, njia yenyewe inaitwa Appalachian Trail, ni kama kilomita 3,500, inapita majimbo 14, watu wanaitembea miezi mitano sita mpaka saba. Hema mgongoni, chakula mgongoni, na anaenda peke yake.

Sasa nieleweke vizuri, milima yenyewe siiogopi. Tumeangalia na kijana wangu mdogo kwenye intaneti, sehemu ya juu kabisa ya hiyo njia ni mlima unaitwa Kuwohi, zamani ukiitwa Clingmans Dome, mita 2,025. Geti la Marangu tu hapa liko kama mita 1,860 na kambi ya Mandara ni kama 2,700, yaani kwenye kilele chao kirefu kuliko vyote sisi huku bado uko kwenye msitu wa mbega, hata pumzi haijabadilika. Kwa hiyo yale mambo ya kichwa kuuma na mapafu kujaa maji huko hayapo.

Kinachoninyima usingizi ni kuwa peke yake. Kilimanjaro mgeni haruhusiwi kupanda bila kiongozi, ndo sheria ya hifadhi. Kila mgeni ana watu wanaomwangalia toka anaamka mpaka analala, kiongozi anamuuliza kichwa vipi, maji umekunywa kiasi gani, na sisi wapishi tulikuwa na kazi ambayo wageni wengi hawakuijua, tulikuwa tunaangalia sahani zinavyorudi. Supu ikirudi haijaguswa namfuata kiongozi namwambia yule mama wa hema la pili hajala, mwangalie usiku. Mara nyingi mtu anakataa chakula kabla hajasema anaumwa. Sasa mtoto wangu wa kumzaa anaenda kulala msituni miezi sita na hakuna hata mtu mmoja wa kuona kama amekula au amebakiza. Nalala nikiwaza hilo naamka nikiwaza hilo.

Afu kuna lingine naona gumu kulisema. Sisi tulibeba mizigo kwa ajili ya ada, hizo hizo ada alizosomea yeye. Mi sijawahi kumwona mgumu anapanda Kilimanjaro kwa sababu yuko likizo. Nikiwaza kwamba mtoto niliyebeba mizigo ya watu ili yeye asibebe sasa anabeba kwa kupenda mwenyewe, halipwi, na mshahara anauacha, kuna kitu kinanikaba hapa kooni. Hasira sio. Nimejaribu kukasirika nimeshindwa maana hapo hapo kuna fahari inakuja, namwona ana miguu yangu, hata akiwa mdogo alikuwa anapanda kwenda kwa bibi yake Kilema bila kulalamika wakati wadogo zake wanataka kubebwa. Vyote viwili vinakaa kifuani kwa pamoja na havipatani.

Mama yake mpaka leo hajasema kitu. Anapika, anaenda jumuiya, anarudi, ukimtajia anakujibu "nimesikia" basi. Shangazi yake kashauliza kama mtoto kafukuzwa kazi tunaficha.

Binti hajaomba ruhusa, ni mtu mzima na hela ni zake. Ameomba baraka. Ndo nimekuja kwenu, wazazi ambao watoto wenu wakubwa walishaondoka kwa safari za namna hii, hizo baraka mlizitoaje na moyo hautaki?

Kahawa Chungu

Mangi mi sitakuficha, ningekataa. Tena ningekataa mapema kabla hajanunua vifaa. Mtoto wa kike porini nchi ya watu, dubu wapo, watu wabaya wapo, na huko bunduki zinauzwa madukani, afu akipata shida nani anaenda kumchukua? Wewe uko Marangu viza tu itakuchukua mwaka. Radhi ya mzazi ni kitu kizito, akiisikia hapana yako kwa sauti ya upole atatulia. Binti wa miaka 29 mwenye kazi nzuri anatakiwa awaze kiwanja na familia. Nasema kwa upendo, nina mabinti watatu.

Nyota ya Bahari

Pole mzee wangu na shikamoo. Kabla ya kukataa au kukubali, amekwambia kwa nini? Maana mtu haachi mshahara miezi sita hivi hivi tu.

Mgumu wa Marangu

Marahaba mwanangu. Nilimuuliza siku ya pili, siku ya kwanza sikuwa na maneno.

Alianza kazi ule mwaka wa corona. Hajamaliza hata miezi ya kuzoea wakampeleka wodi ya wagonjwa mahututi, zamu za usiku, watu wanakufa wameshika simu ndugu wako upande wa pili kwenye video. Wakati ule alikuwa anatwambia niko salama baba, nimekula, nimelala. Kumbe kuna usiku alikuwa anakaa kwenye gari masaa mawili pale maegesho ya hospitali kabla hajaweza kuendesha kurudi nyumbani. Haya ndo nayasikia sasa hivi, miaka imepita. Kaniambia, baba, kichwa kimechoka lakini miguu haijachoka, nataka vichoke pamoja ndo nilale.

Mimi hayo maneno nayaelewa kuliko mtu yeyote aliyesoma na nadhani alinichagua mimi kuniambia kwa sababu hiyo. Kuna uchovu wa mlimani ukishalala nao unaamka mzima kabisa. Sasa nikimkatalia namwambia akalale wapi?

Ndo maana Kahawa Chungu nakushukuru kwa ukweli wako lakini siwezi. Akitulia kwa ajili yangu atakuwa ametulia kwa nje tu.

Mdau wa Durham

Mzee shikamoo. Mi niko North Carolina mwaka wa kumi na kitu huu, hiyo njia naijua kwa vipande, wikiendi huwa tunaenda na washkaji. Ngoja nikueleze ilivyo maana naona unaiwaza kama msitu mtupu na sio hivyo.

Kwanza peke yake ni kuanza peke yake. Kila mwaka watu zaidi ya 3,000 wanaanza kule kusini Springer Mountain wakiwa na nia ya kufika Maine, na wengi wanaanza mwezi wa tatu na wa nne, sasa wote hao wanatembea uelekeo mmoja wanalala sehemu zile zile. Kuna vibanda vya mbao zaidi ya 250 njia nzima, ukuta pande tatu upande mmoja wazi, karibu kila mmoja una maji jirani. Wiki ya kwanza haiishi atakuwa ana kundi. Wanapeana mpaka majina ya njiani, jina la kwenye pasipoti linasahaulika.

Njia ina alama, mistari myeupe ya rangi kwenye miti na mawe, inchi 2 kwa inchi 6, toka mwanzo mpaka mwisho. Ukiona ya bluu ujue ni kinjia cha pembeni cha kwenda majini au kibandani. Na kila siku tatu mpaka tano anakuta barabara ya kwenda mji mdogo, ananunua chakula, anaoga, anafua, anapiga simu. Hawezi kubeba chakula cha miezi sita, hakuna anayebeba hivyo.

Kama kilomita 50 kutoka mwanzo kuna sehemu inaitwa Neel Gap, njia yenyewe inapita katikati ya jengo la duka. Hapo wanakufungulia begi wanakutolea kila kitu kisichofaa, wengine wanatuma kilo kibao nyumbani kwa posta. Na kuna mti nje umejaa mabuti yametundikwa. Watu wengi tu wanaishia hapo hapo wanarudi kwao.

Hatari nazo nikwambie bila kupaka sukari. Dubu wale ni weusi, wanatafuta chakula zaidi ya kutafuta mtu, cha muhimu ni kutunza chakula mbali na hema, na kuna kipande pale Blood Mountain Georgia msimu wa kuanza huruhusiwi kulala bila lile kopo gumu la kuhifadhia chakula. Kinachoumiza watu wengi zaidi ya dubu ni kupe. Kupe wa huku anabeba ugonjwa wa Lyme, unaanza kama homa ya kawaida, usipowahi dawa unaingia kwenye viungo. Ajikague kila jioni, nguo azipulizie dawa ya permethrin. Ye ni nesi atakuwa anajua.

Hali ya hewa ndo kitu kingine. Mwezi wa tatu kule kwenye milima ya Smokies kuna theluji. Na mwishoni New Hampshire kuna Mount Washington, haifiki hata mita 2,000 lakini 1934 walipima pale upepo wa kilomita 372 kwa saa. Usidharau ufupi wa mlima mzee.

Afu 2024 kimbunga Helene kilipita huku kikachana njia vibaya, daraja la mto Nolichucky karibu na Erwin lilisombwa, miti ilianguka mingi mno. Watu wa kujitolea wamefanya kazi kubwa lakini aangalie taarifa za njia kabla ya kila kipande asitegemee ramani ya zamani.

La mwisho naliandika kwa sababu najua hata wewe unaliwaza. Watu weusi kwenye hiyo njia ni wachache. Wapo na wanamaliza, kuna dada mwenye asili ya Eritrea aliitembea yote 2016. Binafsi njiani sijawahi kupata tabu, watu wa msituni wanagawana hadi chai. Ila kwenye lifti za kuingia mjini aingie na mwenzake, asiingie gari la mtu mmoja peke yake, hilo ningemwambia hata angekuwa wa rangi yoyote.

Wanaofika Maine ni kama mmoja kati ya wanne.

Mgumu wa Marangu

Mdau wa Durham Mungu akubariki sana, nimeyasoma mara mbili na mama yake nimemsomea kwa sauti akiwa anachambua maharage. Hakusema kitu ila aliacha kuchambua.

Huo mstari wako wa mwisho ndo umekaa na mimi. Watatu kati ya wanne wanarudi. Hapo ndo nikajua mimi kama baba nina kitu cha kumpa, maana kumzuia siwezi na kumsindikiza siwezi, lakini kurudi naweza kumfundisha.

Niliyoyaona mlimani ni haya. Wageni wanaopata matatizo makubwa sio lazima wawe dhaifu, wengi ni wale wenye nguvu waliowaaga watu wengi. Mtu kaambia kanisa zima, kachangiwa hela, kapost kila mahali, sasa usiku wa Kibo, kambi ya mwisho, tumbo limekataa, anatapika, midomo imebadilika rangi, kiongozi anamwambia tushuke yeye anasema dakika tano tu. Hao ndo tuliokuwa tunawateremsha kwenye machela ya tairi moja usiku, wanne huku na huku, mawe yale mnayajua. Wengine walikuwa wanalia njia nzima na hawalii maumivu, wanalia kwa kuwa watarudi kwao bila picha ya kilele cha Uhuru.

Nikampigia nikamwambia mwanangu, mimi baba yako sitakuuliza umefika wapi. Nitakuuliza umekula nini na miguu ikoje. Na siku ukitaka kurudi, hata ni siku ya nne, unipigie mimi wa kwanza kabla ya rafiki zako, na mimi nitakwambia karibu nyumbani. Shangazi zako niachie mimi.

Alinyamaza kidogo afu akasema "baba hayo ndo nilikuwa nayangoja". Yaani alivyokuwa anaomba baraka ya kwenda alikuwa anataka na baraka ya kurudi humo humo. Mi nilikuwa najiandaa kumwambia maneno makubwa ya ushujaa.

Mtoto wa Kibosho

Mzee heshima yako, mi ni kiongozi wa wageni Kilimanjaro, njia za Machame na Lemosho, wewe ni wa kizazi cha walimu wetu. Naomba umfundishe na baridi ya kulowa. Wenzetu wengi wanajua baridi ya Kibo ile kavu, hiyo unavaa tu. Lakini mvua ya nyuzi tano sita juu ya sifuri na upepo, nguo zimelowa, umechoka, hujala, hiyo inamaliza mtu huku anasema niko sawa. Anaanza kujikwaa, anaongea polepole, anafungua zipu ya koti badala ya kuifunga. Akiwa peke yake hataiona kwake mwenyewe, kwa hiyo awe na sheria ya kufuata bila kufikiri: nikianza kutetemeka nasimama, naweka hema, navaa vikavu, nakula kitu cha mafuta. Asingoje kibanda.

Mgumu wa Marangu

Kabisa kijana wangu. Hiyo tumeipiga kwenye simu hadi akaniambia baba basi nimeelewa, nikamwambia rudia wewe uniambie mimi.

Jumamosi nilimwomba anipangie begi lote sakafuni kwenye video nione kitu kimoja kimoja. Kijana wangu mdogo akashika simu mi nikavaa miwani. Begi zima na maji na chakula cha siku nne lilikuwa na kilo kama 15. Wapagazi siku hizi mzigo mwisho kilo 20 unapimwa getini, enzi zetu za mwanzo tulibeba chochote walichokuwekea kichwani, kwa hiyo nilitaka kusema 15 ni kidogo. Halafu nikakumbuka sisi tulibeba siku tano sita tunarudi kulala kwetu. Kubeba miezi sita mfululizo goti linakuwa na mawazo tofauti, yangu yananiambia kila asubuhi.

Tukatoa suruali ya jinsi. Tukatoa sufuria ya pili. Kitabu kikubwa alikibishia sana tukakubaliana akate kurasa abebe nusu. Soksi nikamwambia jozi moja iwe ya kulalia tu, isiguse buti hata siku moja, iwe kwenye nailoni ndani ya slipingi begi, maana ukilala miguu mikavu ngozi inajirudi, ukilala nayo mibichi kesho ni malengelenge na keshokutwa ni kidonda. Na akihisi sehemu inachoma kwenye kisigino asimame hapo hapo afunge plasta, asiseme nitafunga kambini. Akacheka akasema baba mimi ni nesi. Nikamwambia nesi anatibu kidonda, mgumu anakizuia.

Nikamfundisha na kutembea. Alikuwa anafanya mazoezi ya kukimbia, nikamwambia achana na kukimbia, vaa hilo begi likiwa na maji upande ngazi za jengo lenu na ushuke, kushuka ndo kunaua magoti. Hatua fupi, mdomo ufungwe upumue kwa pua, ukishindwa kupumua kwa pua umezidisha mwendo.

Wakuu, yale masaa mawili nilifurahi. Lazima niliseme hilo maana nilianza uzi huu kama mtu wa msibani. Miaka yote ananitumia hela, ananinunulia dawa za presha, ananielekeza simu inavyofanya kazi, na nilishaanza kujiona sina tena cha kumfundisha. Kumbe alikuwa anakuja mahali ambapo mimi nimetokea.

Bi Mkubwa wa Nyali

Baba Marangu salaam kutoka Mombasa. Mwanangu wa pili aliendesha baiskeli hadi Cape Town na wenzake, nlikonda miye kuliko yeye, wallahi. Nikupe moja nlilojifunza. Msipatane kupiga simu kila siku. Siku betri ikiisha ama mtandao usiposhika, utakuwa ushamzika moyoni saa tatu usiku na kumbe yuko zake amelala. Sisi tulipatana siku maalum, na hizo siku zingine nkawa natafuta shughuli. Na ukimpigia usilie. Mwanangu aliniambia baadae, mama ukilia mimi hubeba kilio chako siku mbili njiani.

Lakini mwenzangu, vipi mahali hakuna mtandao kabisa?

Mgumu wa Marangu

Mama wa Nyali asante, hilo la kulia nimelipokea.

La mtandao ndo nililokuwa naogopa zaidi baada ya kusoma habari moja. 2013 huko Maine kuna mama mtu mzima alikuwa anatembea njia hiyo hiyo, akatoka pembeni kidogo kujisaidia akashindwa kuiona tena njia. Alimtumia mume wake meseji na hazikufika, hapakuwa na mtandao. Walimtafuta sana, mabaki yake yalikuja kuonekana 2015, na aliishi kwenye hema lake wiki kadhaa akiwa anaandika. Niliposoma hiyo nilitoka nje nikakaa shambani.

Binti nilimwambia nimeisoma. Sikutaka kujifanya sijui. Akanionyesha kifaa cha setilaiti, kidogo kama kiberiti cha zamani kile kikubwa, hakitegemei minara ya simu, kila jioni anabonyeza tu kinatuma ujumbe na mahali alipo kwenye ramani, na kuna kitufe cha kuita waokoaji. Kahawa Chungu uliuliza nani ataenda kumchukua, ndo hao, na bima yake ya afya ameendelea kuilipia, na rafiki yake wa Atlanta anabaki na ratiba yake yote. Tumekubaliana ujumbe wa jioni kila siku kama kifaa kiko sawa, sauti mara moja kwa wiki akiwa mjini, na akipitiliza siku mbili bila ujumbe rafiki yake ndo anaanza kupiga simu kwa wahusika, sio mimi kupiga kelele kutoka huku. Na akitoka njiani kwa haja begi analiacha pembeni ya njia palipo wazi, fimbo moja ameichomeka, anaenda anahesabu hatua.

Unajua Uhuru pale simu zinashika. Nimewaona wageni wengi wakishafika wanatoa simu mikono inatetemeka wanampigia mama. Watu wazima, wanaume wenye ndevu, wanalia "mama nimefika". Mi nilikuwa nawaangalia nafurahi nao. Sasa hivi mawazo yangu yote yako kwa yule mama wa upande wa pili, alikuwa amekaa wapi, alikuwa amelala siku ngapi vibaya, alisema nini baada ya simu kukatika.

Kahawa Chungu

Mzee umenijibu vizuri na nimeona umejipanga, ila bado ningekuwa mimi ningekataa. Sitaki kukudanganya. Nikiwaza wangu wa kwanza yuko kwenye hilo hema mvua inanyesha, hapana. Lakini nitakuombea, na nitakuwa nauliza hapa kila wiki kafika wapi.

Nyota ya Bahari

Mzee kuna kitu nataka mama yake akisikie. 1955 kuna bibi wa Ohio anaitwa Emma Gatewood, miaka 67, mama wa watoto 11, aliwaambia watoto wake anaenda kutembea kidogo. Alikuwa na raba miguuni na mfuko wa kushona mwenyewe begani na pazia la bafuni la kujikinga mvua. Akaitembea njia hiyo hiyo yote peke yake mpaka Katahdin, mlima wa Maine njia inapoishia, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo peke yake kwa safari moja. Na mwaka wa nyuma yake, 1954, alianzia Maine akapotea wakamrudisha nyumbani. Akarudi tena mwaka uliofuata. Watoto ndo walibaki wakimuwaza mama.

Mgumu wa Marangu

Nimemsomea. Akauliza "watoto 11 na bado akaondoka?" Ndo sentensi ndefu kuliko zote aliyosema kuhusu jambo hili tangu lianze.

Niwape taarifa ya jana wakuu maana mmekuwa na mimi. Binti alipiga akaomba aongee na mama yake. Hakumwuliza habari za baraka. Alimwuliza ule uji wa lishe aliokuwa anatupikia unachanganywaje, maana chakula cha njiani ni tambi za pakiti na siagi ya karanga mpaka mtu anakichukia, na anataka kitu cha asubuhi kinachokaa tumboni. Mama yake akaanza kumwelekeza, ulezi kiasi hiki, karanga zikaangwe kwanza, soya itolewe maganda, katikati akasimama akasema "utaharibu, nitakusagia mimi". Leo ameamka saa kumi na moja, sebule yote inanuka karanga. Kuna jirani anasafiri kwenda Atlanta mwezi wa pili, ataupeleka umefungwa vizuri.

Baraka hajatoa. Nimemwuliza jioni, kasema "nasaga unga, usinichanganye". Sijamsukuma. Yeye ndo alimbeba tumboni na kila nilipokuwa mlimani mimi, ni yeye aliyekuwa anakaa nyumbani bila simu wala kifaa chochote, anangoja nitokee pale njia panda. Hilo hatukuwahi kuliongea hata siku moja mpaka wiki hii. Nilimwuliza ulikuwa unafanyaje kipindi kile, akasema nilikuwa nafua nguo zote za nyumba hata zilizo safi.

Mimi zangu nimeshazitoa. Nilitamka kwa Kichaga kama baba yangu alivyokuwa ananitamkia akinisindikiza asubuhi naenda getini, ye mwenyewe hakuelewa maneno yote lakini aliinamisha kichwa.

Hofu iko pale pale jamani, asije mtu akadhani imeisha. Sasa hivi ina kazi tu, inauliza betri, inauliza soksi.

Ombi langu kwa mlioko huko, ataanza wiki ya tatu ya mwezi wa tatu akijaliwa. Kama kuna Mswahili anaishi karibu na miji inakopita njia, Hiawassee, Franklin, Hot Springs, Damascus, Harpers Ferry, na kule juu Hanover, naomba anicheki PM. Simwombi mtu amshauri arudi wala aendelee. Ni kumlisha tu mlo mmoja wa nyumbani na kumwachia aoge.

Mdau wa Durham

Mzee mimi nachukua Hot Springs. Kutoka kwangu ni masaa manne na kitu kwa gari. Akianza wiki ya tatu ya Machi, kwa mwendo wa watu wengi atakuwa hapo kwenye mwisho wa Aprili. Nitaenda na mke wangu, atapika ugali, mboga za majani na nyama. Nitumie namba yake na jina atakalopewa njiani maana kule wakimwita kwa jina lake hakuna atakayemjua.

Mgumu wa Marangu

Nimekutumia PM. Maharage hapendi toka mdogo, na pilipili mpeni nyingi.